Shughuli za ustawi wa watoto nyumbani pembezoni mwa Dar es Salaam

Shughuli za ustawi wa watoto nyumbani ni michezo, masimulizi, kazi ndogondogo na nyakati za mapumziko zinazomjenga mtoto mwili, akili na hisia akiwa kwao, nje ya saa za shule. Makala hii inaeleza hali ilivyo katika Manispaa za Kinondoni na Temeke jijini Dar es Salaam, hasa maeneo ya pembezoni: Tegeta, Boko, Bunju na Mabwepande upande wa kaskazini, Mbagala, Chamazi, Toangoma na Buza upande wa kusini. Kwa Sensa ya 2022, Temeke ilikuwa na watu 1,346,674 na Kinondoni 982,328 kati ya wakazi 5,383,728 wa mkoa mzima, na hizo ni hesabu za baada ya Kigamboni kumegwa kutoka Temeke na Ubungo kutoka Kinondoni.

Wazazi wengi wa maeneo haya hawamudu vifaa vya kuchezea vya dukani, wala watoto wao hawavihitaji kama matangazo yanavyodai. Karibu kila shughuli itakayotajwa hapa hufanyika kwa mchanga, kokoto, chupa tupu, matambara, soksi kuukuu na sauti ya mtu. Vilivyo haba ni vitu viwili: mahali pa kuchezea, na mtu mzima mwenye nafasi ya kumsikiliza mtoto.

Haki ya mtoto kucheza imo katika ibara ya 31 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 8, inaitaja haki ya kucheza na kupumzika katika orodha moja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, na kumpa mzazi wajibu wa kuitimiza. Wengi hukijua kipengele cha chakula na shule; hiki cha kucheza hutajwa mara chache.

Uani na baraza

Nyumba ya Kiswahili iliyozoeleka Magomeni, Mwananyamala, Temeke na Tandika ina korido katikati, vyumba pande mbili, baraza mbele na uani nyuma, ambako ndiko liliko jiko, bafu na choo. Kila chumba huweza kuwa na familia yake ya wapangaji. Kwa hiyo uani mmoja hukusanya watoto wa umri mbalimbali wanaoangaliwa na akina mama kadhaa kwa wakati mmoja, huyu akifua, yule akibandika maharage. Mpangilio huo umefanya kazi kubwa ya malezi bila mtu yeyote kuupangia. Mtoto wa miaka 3 huanza kuhesabu kwa kumtazama wa miaka 8 akicheza kokoto. Naye wa miaka 8 hujifunza kuvumilia, maana mdogo hawezi kufukuzwa: huingizwa mchezoni bila pointi zake kuhesabiwa, ilimradi asilie.

Pembezoni mambo ni tofauti. Bunju, Chamazi na Toangoma nyumba za familia moja ni nyingi, kila moja kwenye kiwanja chake na, fedha ikipatikana, na ukuta na geti lake. Mtoto hupata nafasi kubwa zaidi ya kukimbia, lakini wenzake wako upande wa pili wa ukuta. Baadhi ya familia za Mabwepande zilihamishiwa huko na Serikali baada ya mafuriko ya Desemba 2011 kuzikumba nyumba zao katika bonde la Msimbazi. Kuhama kwa namna hiyo humbadilishia mtoto mahali pa kuchezea na wenzake wa kucheza kwa pigo moja. Viwanja vya wazi vinavyojulikana, Biafra kwa Kinondoni na Mwembe Yanga kwa Temeke, viko mbali mno kwa mtoto mdogo wa Mbagala Rangi Tatu au wa Boko kwenda peke yake. Geti likifunguliwa saa kumi jioni na watoto wa jirani wakaruhusiwa kuingia, tatizo hilo hupungua bila gharama yoyote. Wazazi wanaoogopa kelele au mchanga kuingizwa sebuleni wana sababu zao, lakini mtoto anayecheza peke yake uani kila siku anakosa mengi kuliko sebule inavyopoteza.

Siku ya mtoto nayo imegawanyika. Shule za msingi zenye wanafunzi wengi jijini huendesha masomo kwa zamu, wengine asubuhi na wengine mchana. Ukiongeza madrasa, mafundisho ya dini ya Jumamosi na tuisheni, saa za kucheza hubaki chache na hazifanani kati ya mtoto mmoja na mwingine. Mzazi aliyetoka alfajiri kuwahi Kariakoo, Feri, soko la Tandika au viwanda vya Chang'ombe hurudi usiku. Mtoto hushinda na bibi, na dada wa kazi, au na kaka yake ambaye naye ni mtoto. Mapendekezo yanayomtaka mzazi akae na mtoto saa mbili mchana hayamhusu mzazi huyo. Anachoweza kukitoa ni nusu saa ya jioni, na nusu saa hiyo ina uzito mkubwa ikiwa simu imewekwa kando.

Michezo

Katika michezo yote ya uani, rede ndiyo inayostahili kuwekwa mbele. Wachezaji wawili husimama pande mbili wakirushiana mpira wa soksi au wa mifuko iliyofungwa kwa kamba; walio katikati hukwepa. Wakati huohuo walio katikati hujaza mchanga kwenye chupa iliyowekwa uwanjani, na kuimwaga ikishajaa. Anayepigwa na mpira hutoka. Mchezaji hulazimika kuinama, kuruka, kukimbia, kutazama pande mbili na bado kukumbuka chupa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya kuchangamsha mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku, na rede ya jioni moja hutimiza sehemu kubwa ya muda huo bila mtoto kuambiwa kwamba anafanya mazoezi. Jambo jingine zuri ni kwamba katika mitaa mingi wasichana ndio wanaoutawala mchezo huu, na wavulana hujiunga kwa masharti ya wasichana hao.

Mdako ni wa kuketi. Huchimbwa kishimo kidogo ardhini na kutiwa kokoto. Mchezaji hurusha jiwe juu, na kabla halijashuka huzoa kokoto kutoka kishimoni kisha hulidaka. Akirusha tena huzirudisha zote isipokuwa moja, na kuendelea hivyo mpaka kishimo kiwe tupu. Jiwe likianguka, zamu hupita kwa mwingine. Mkono na jicho hufundishwa kufanya kazi pamoja, na kutoa na kujumlisha huingia kichwani bila ubao. Unafaa sana saa za jua kali la Januari na Februari, kivulini, wakati kukimbia kungemchosha mtoto bure. Kwenye sakafu ya saruji huchorwa duara kwa chaki badala ya kishimo.

Kombolela ni mchezo wa kujificha ambao mlinzi hulinda kopo huku akiwatafuta wenzake. Aliyebaki mafichoni akifanikiwa kulipiga kopo teke huwakomboa waliokwisha kukamatwa. Faida yake ya kipekee ni ujasiri wa kujitoa kwa ajili ya wengine. Hatari yake ni mahali pa kujificha: gari bovu, tangi la maji, friji iliyotupwa. Mtoto aliyejifungia humo anaweza kukosa hewa, na hilo lazima lisemwe wazi kabla mchezo haujaanza.

Kuna pia ukuti kwa wadogo, kuruka kamba, gololi, tiara ya karatasi na vijiti vya makuti wakati wa upepo, drafti ya vizibo vya soda, na chandimu, soka la magoli madogo linalochezwa popote penye nafasi. Muziki wa singeli, uliozaliwa katika mitaa kama Manzese na Tandale, umewapa watoto wa Dar es Salaam mtindo wa kucheza unaotoa jasho kweli. Maneno ya baadhi ya nyimbo hizo hayafai kwa mtoto na mzazi anapaswa kuchagua. Mwendo wenyewe, kama mazoezi, hauna ubaya.

Kutengeneza na kuigiza

Mtoto anayejitengenezea kitu cha kuchezea hucheza mara mbili. Magari ya waya na ya maboksi yenye magurudumu ya vifuniko, mipira ya matambara na mwanasesere aliyejazwa nguo kuukuu bado hutengenezwa Mbagala na Bunju, ingawa plastiki ya dukani imeingia kila kona. Mwanasesere husukwa nywele, hubebwa mgongoni kwa kipande cha khanga, huogeshwa na kukemewa. Wazaramo, wenyeji wa pwani hii, huchonga mwana hiti wa mti anayetumika katika malezi ya mwali; kumtunza mwanasesere, basi, kuna mizizi mirefu hapa kuliko jiji lenyewe.

Mchezo wa baba na mama, pamoja na kupikapika kwa vifuu vya nazi na makopo, unastahili kusikilizwa na mtu mzima kutoka mbali. Humo mtoto hueleza anayoyaona nyumbani. Anayemwigiza baba kwa kupiga na kufoka ametoa habari ambayo hangeitoa akiulizwa. Kumcheka au kumkaripia hapo ni kumfunga mdomo. Swali la upole baada ya mchezo, kwa mfano, "Yule baba alikasirikia nini?", humfungulia njia ya kuendelea.

Makopo na vifuu visiachwe vikitega maji ya mvua. Mbu anayeeneza homa ya dengi huzaliana kwenye vyombo vidogo vya namna hiyo na huuma mchana, saa zilezile za michezo. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Kukusanya na kufunika vyombo jioni ni kazi inayoweza kugeuzwa mashindano, na watoto wengi huipenda.

Hadithi, vitabu na redio

Umeme ukikatika usiku, uani hupata saa yake bora. Paukwa huitikiwa pakawa, kitendawili huitikiwa tega, na mtoto aliyekuwa kimya kutwa hutaka zamu yake. Kutega kitendawili humfundisha kusema mbele ya watu. Kukosa jibu na kulazimika kutoa mji humzoeza kushindwa bila aibu, kwa sababu kila mtu hutoa mji siku moja au nyingine. Hadithi za sungura na fisi humpa pia maneno ya kutaja hofu, wivu na hila, mambo ambayo mtoto huyahisi mapema kuliko anavyoweza kuyaeleza.

Vizazi vilivyokulia mbele ya redio vinakikumbuka kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania Dar es Salaam, ambacho Deborah Mwenda alikisimulia kwa sauti iliyowanyamazisha watoto nchi nzima. Thamani ya kipindi kile haikuwa hadithi peke yake. Familia ilisikiliza pamoja, na mjadala uliendelea baada ya redio kuzimwa. Kwa upande wa vitabu, Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, umesaidia kuchapisha na kusambaza vitabu vya Kiswahili vya hadithi. Mzazi asiyesoma vizuri si kikwazo: mtoto wa darasa la tatu anaweza kumsomea mdogo wake huku mama akisikiliza na kuuliza kilichofuata, na mtoto huyo hatasahau kwamba aliwahi kumsomea mama yake.

Runinga na simu

Shirika la Ubongo la Dar es Salaam lilianza kurusha katuni za Ubongo Kids mwaka 2014 kupitia TBC1, zikifundisha hisabati na sayansi kwa nyimbo na visa. Akili and Me ikafuata kwa watoto wa miaka 3 hadi 6; Akili, msichana wa miaka 4 anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, huingia ndotoni katika nchi ya Lala Land na kujifunza herufi, namba na hisia. Ni kazi nzuri, iliyotungwa na watu wanaoijua sauti ya mtoto wa hapa, na mtoto akitazama pamoja na mtu anayeimba naye hupata zaidi kuliko akitazama peke yake.

Hata hivyo mwongozo wa WHO wa 2019 unashauri mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku. Mwongozo huohuo unataka mtoto wa miaka 1 hadi 4 awe katika mwendo kwa dakika 180 kutwa, na wa miaka 3 na 4 alale saa 10 hadi 13. Usingizi ndio unaodharauliwa zaidi. Chumba kimoja chenye familia nzima, runinga ikiwa wazi mpaka saa tano usiku na muziki wa vigodoro mtaani, humnyima mtoto usingizi huo, naye huamka mkali na asiyesikia darasani. Kumwahisha kitandani, ndani ya chandarua, na kupunguza sauti ni shughuli ya ustawi kama zilivyo nyingine. Kuhusu vibanda umiza, ambako watoto huingia kwa shilingi chache kutazama filamu za kila aina, neno ni fupi: si mahali pa mtoto.

Miezi ya 2020

Tarehe 17 Machi 2020 Serikali ilitangaza kufungwa kwa shule kutokana na ugonjwa wa UVIKO-19, na shule za msingi zilifunguliwa tena 29 Juni. Tanzania haikuwafungia watu wake majumbani, hivyo wazazi wengi waliendelea kutoka kutafuta riziki wakati watoto wakibaki. Masomo yalirushwa kwa redio na runinga, yakawafikia wenye vyombo hivyo na umeme. Sehemu kubwa ya miezi ile ilianguka ndani ya masika, wakati nyua za mabondeni hujaa tope na maji. Kwa mara ya kwanza familia nyingi zilitakiwa kujaza siku nzima ya mtoto, wiki baada ya wiki, ndani ya chumba. Michezo ya kuketi, yaani mdako wa sakafuni, drafti, karata, vitendawili na kuchora kwa mkaa juu ya boksi, ndiyo inayofaa hali kama hiyo, na kila msimu wa mvua kubwa huirudisha tena.

Kazi za nyumbani

Kuchambua mchicha, kupepeta mchele, kukanda unga wa maandazi, kukuna nazi juu ya mbuzi: mtoto akishirikishwa kidogo, akiwa karibu na mtu anayeongea naye, kazi hizi humpa ustadi na hisia ya kuhitajika. Bustani ya gunia ndiyo inayofaa zaidi mahali pasipo na ardhi. Gunia hujazwa udongo uliochanganywa na samadi, katikati huwekwa mawe ya kupitishia maji, na miche ya mchicha au vipando vya matembele hupandwa juu na kwenye matundu ya ubavuni. Mchicha huwa tayari kwa wiki chache, muda ambao mtoto anaweza kuusubiri bila kukata tamaa, na atakula mboga aliyoimwagilia mwenyewe hata kama kwa kawaida huisukuma pembeni ya sahani.

Mpaka wa kazi hizi lazima uwekwe. Binti wa miaka 9 anayechota maji, kupika na kubeba mdogo wake mgongoni mpaka jioni huku kaka yake akicheza chandimu hashirikishwi, ananyang'anywa utoto. Jambo hili limezoeleka kiasi kwamba halionekani, na ndiyo sababu linahitaji kutajwa kwa sauti.

Usalama

Uani una jiko la mkaa, sufuria ya mafuta, ndoo za maji na nyaya za umeme zilizoungwa ovyo. Mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye ndoo yenye maji machache tu. Ndoo ifunikwe au iinuliwe. Jiko lizungushiwe mstari ambao hakuna mchezo unaouvuka.

Hatari nyingine hutoka kwa watu. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto wa 2009, uliotolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18, na mvulana 1 kati ya 7. Nyumba yenye wapangaji wengi huleta macho mengi ya kulinda, lakini huleta pia watu wasiojulikana. Mtoto afundishwe kwa maneno ya kawaida sehemu za mwili ambazo hakuna anayeruhusiwa kuzigusa, na aambiwe kwamba zawadi ya kufichwa si zawadi. Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto hupokea taarifa kutoka kwa mtoto mwenyewe au mtu mzima, bila malipo, na inafaa kuandikwa kwa chaki ukutani mahali mtoto anapofika.

Watoto wenye ulemavu

Watoto hawa huachwa ndani mara nyingi, wakati mwingine kwa kuhurumiwa, wakati mwingine kwa kufichwa, na ufichaji huo huwaumiza kuliko ulemavu wenyewe. Michezo ya uani hubadilika kwa urahisi. Katika rede, asiyeweza kukimbia anaweza kuwa mrushaji wa kudumu akiwa ameketi kwenye kiti au mkeka. Asiyeona hucheza mpira uliotiwa kokoto ndani ya kopo ili usikike ukibingirika, na katika vitendawili hahitaji msaada wowote. Asiyesikia huufuata mdako na drafti kwa macho, na wenzake wakijifunza ishara chache za zamu, ushindi na kosa, anacheza sawa nao. Watoto wenyewe ndio wepesi wa kubuni kanuni hizo wakipewa nafasi. Mtu mzima hutakiwa kumtoa mwenzao nje, kumweka kivulini kati yao na kubaki karibu mpaka mchezo uanze.